Majani ya Fedha ya Kuchovya

Askari anapokaguliwa kwenye gwaride, akitupia jicho kofia ya mkuu aliye mbele yake, huona majani yaliyodariziwa kwa uzi wa rangi ya dhahabu. Katika majeshi mengi yaliyorithi mavazi yake kutoka Ulaya, majani hayo ni ya mwaloni, mti wa nchi za baridi ambao wengi wa wanaoyavaa hawajapata kuketi chini ya kivuli chake. Jani hilo hilo, pamoja na lile la mloreli ambalo Warumi walilisokota kuwa taji la jemadari mshindi, lilishuka zamani kutoka kichwani mwa askari likakaa mezani. Katika karne ya 19 mafundi wa Ufaransa walilipiga kwenye mipini ya vijiko na uma, kwenye vishikio vya birika, kwenye kingo za masinia na juu ya vifuniko vya mabakuli ya supu; wakaliongezea matawi ya mzabibu, maua ya yungiyungi, miiba ya mbaruti, hata mabua ya mwanzi. Vingi vya vyombo hivyo havikuwa fedha tupu. Vilikuwa metali nyingine iliyovikwa koti jembamba la fedha, na habari ya koti hilo ndiyo inayostahili kusimuliwa katika ukurasa wa nyumbani.

Katika Kiswahili neno kuchovya halina sifa njema likitajwa karibu na fedha au dhahabu. Bibi arusi aliyeletewa bangili za kuchovya, ilhali wazee walikubaliana dhahabu tupu, ana haki ya kuzirudisha kwa mkono wa mshenga aliyezileta. Kwa hiyo ni vema kuuliza mapema, kabla ya kusifu majani na maua: je, vyombo hivi ni vitu vya heshima, au ni uongo uliopambwa vizuri? Jibu halipatikani kwa kuvitazama tu. Linapatikana kwa kujua vilivyotengenezwa, na vilichukua mahali pa nini.

Kabla ya miaka ya 1840, fundi aliyetaka kuivika shaba au fedha koti la dhahabu alitumia zebaki. Dhahabu ilichanganywa na zebaki mpaka ikawa kama uji mzito, ikapakwa juu ya chombo, kisha chombo kikawekwa juu ya moto. Zebaki iliruka kuwa mvuke, dhahabu ikabaki imeshikamana. Lakini mvuke huo haukupotea hewani bila deni. Uliingia mapafuni mwa fundi aliyeinama juu ya jiko, siku baada ya siku. Mikono ikaanza kutetemeka, ufizi ukaoza, meno yakalegea, na mwisho akili yenyewe ikavurugika. Mafundi wengi wa kazi hiyo hawakuuona uzee. Taa nyingi nzuri na saa nyingi za dhahabu za majumba ya wafalme zilitengenezwa hivyo, na anayezistaajabia katika makumbusho angefaa kukumbuka mikono iliyotetemeka.

Umeme ndio uliokuja kuwaokoa. Tangu mwaka 1800, Volta wa Italia alipotengeneza betri yake ya kwanza, wataalamu walijua kwamba umeme ukipitishwa katika maji yenye chumvi za metali huweza kuisafirisha metali hiyo kutoka mahali pamoja hadi pengine. Mwaka 1840 jamaa wa Elkington, katika mji wa Birmingham nchini Uingereza, walipata hataza ya kuchovya fedha na dhahabu kwa njia hiyo; mwaka 1841 Mfaransa Henri de Ruolz akapata ya kwake huko Paris. Mwaka 1842 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kiliwatuza wavumbuzi wa kazi hiyo, na tuzo yenyewe ilitoka katika mfuko uliowekwa kwa ajili ya wale wanaopunguza madhara ya kazi za mikono. Yaani kuchovya kwa umeme kulipongezwa kwanza kama dawa ya kazi inayoua, si kama werevu wa biashara.

Mwaka huo huo sonara mmoja wa Paris, Charles Christofle, aliyezaliwa 1805, alinunua haki za kuitumia hataza hiyo katika Ufaransa. Jambo alilofanya laeleweka kwa urahisi. Kijiko kilikatwa kutoka bamba la metali ya bei ndogo, kikapigwa katikati ya vyuma viwili vilivyochongwa majani na maua, kikasafishwa, kisha kikatundikwa katika hodhi la maji yenye chumvi ya fedha na sianidi. Pembeni mwa hodhi kuliwekwa bamba la fedha safi. Umeme ulipopita, fedha ilitoka polepole kwenye bamba, ikavuka maji, ikatua juu ya kijiko, ikafuata kila mshipa wa jani bila kuusahau hata mmoja. Sianidi nayo ni sumu kali, wala kiwanda hakikugeuka kuwa bustani. Hata hivyo sumu iliyomo katika hodhi, yenye kuangaliwa na kufunikwa, ni adui aliye mbele ya macho. Mvuke wa zebaki ulikuwa mwizi wa usiku.

Ajabu iliyofuata ni kwamba mteja mkubwa wa vyombo vya kuchovya hakuwa mtu wa kipato kidogo. Alikuwa Kaizari Napoleon III mwenyewe. Katika miaka ya 1850 aliagiza kwa Christofle seti ya meza ya wageni 100, nayo ilionyeshwa hadharani katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1855. Mtu aliyekuwa na hazina ya taifa mkononi alikula kwenye fedha ya kuchovya, na mabalozi wakaketi pamoja naye wakaila karamu bila kunung'unika.

Uamuzi huo haukuwa ubahili mtupu. Wafaransa walikuwa na somo la zamani kuhusu fedha tupu. Mfalme Louis XIV alikuwa amejaza jumba lake la Versailles samani za fedha halisi, meza na viti na vyetezo vya mimea, kazi ya mafundi bora wa zama zake. Mwaka 1689 vita vilipomkaba koo, aliamuru samani hizo ziyeyushwe ziwe sarafu za kulipia majeshi yake. Leo karibu hakuna kilichobaki ila michoro. Na si mfalme huyo tu. Kila vita na kila njaa ya hazina ilivipeleka vyombo vya fedha kwenye chungu cha kuyeyushia, na majani yote yaliyochongwa kwa miezi mingi yakarudi kuwa uji katika muda wa saa moja. Fedha ya kuchovya haina hatari hiyo. Anayeiyeyusha hapati cha maana, kwa kuwa koti ni jembamba mno. Udhaifu wake wa thamani ndio uliomlindia mwenye nyumba jani lake.

Moto hata hivyo ulikuja kwa njia nyingine. Mwezi Mei 1871, katika siku za mwisho za uasi wa Paris uitwao Komyuni, jumba la Tuileries alimokuwa akikaa kaizari liliteketezwa kwa moto, na sehemu kubwa ya seti yake ikaangamia pamoja nalo. Lakini pambo kubwa la katikati ya meza, ambamo Ufaransa imechongwa kwa umbo la mwanamke anayegawa mataji ya ushindi, lilifukuliwa kutoka vifusi. Sasa limewekwa katika Makumbusho ya Sanaa za Mapambo ya Paris, hatua chache kutoka mahali jumba liliposimama. Lingekuwa fedha tupu, watu wangapi wangelipita pale penye majivu kabla ya mtunza makumbusho kufika?

Yabaki kuulizwa kwa nini majani. Mtu anayekula kwa uma hahitaji maua ili chakula kimfikie kinywani. Jibu la kale zaidi linatoka Ugiriki, nalo ni hadithi iliyoandikwa na Vitruvius, mhandisi wa Kirumi aliyeishi karne ya kwanza kabla ya Kristo na aliyetumika jeshini chini ya Julius Caesar. Anasema kwamba katika mji wa Korintho msichana mmoja aliyekaribia umri wa kuolewa aliugua akafa. Yaya wake alikusanya vitu vidogo alivyovipenda marehemu, akavitia katika kikapu, akakiweka juu ya kaburi na kukifunika kigae ili mvua isiviharibu. Kwa bahati kikapu kiliwekwa juu ya mzizi wa akanthasi, mmea wenye majani mapana yenye meno. Masika yalipokuja mmea ukachipua, majani yakakizunguka kikapu, yakafika kwenye kigae, na hapo, yakizuiwa na uzito wake, yakajikunja kuelekea nje. Mchongaji Callimachus alipita, akaona, akalichonga umbo hilo juu ya nguzo za mawe. Kama kisa hicho kilitokea au hakikutokea, si neno. Jani la akanthasi lilitoka kwenye nguzo likaenea kila mahali, na hadi leo ndilo jani linalokutwa mara nyingi kwenye kishikio cha birika la Kifaransa, limejikunja nchani kama lililozuiwa na kitu.

Kisa cha pili kina askari ndani yake, nacho ni cha kweli kabisa. Mwezi Oktoba 1868, karibu na mji wa Hildesheim wa Ujerumani ya kaskazini, askari wa Prussia walipelekwa kuchimba uwanja wa shabaha kwenye mteremko wa kilima. Kila aliyepata kushika sululu kwa amri ya sajini anaijua kazi ya namna hiyo. Chini ya udongo wakakuta vyombo vya fedha vya Kirumi, vipatavyo 70, vilivyozikwa hapo kwa miaka karibu 2,000. Kimojawapo ni chombo kikubwa cha kuchanganyia divai, chenye umbo la kengele iliyopinduliwa, na juu yake vikonyo vyembamba vya mimea vinapanda na kujisokota pande zote mbili kwa ulinganifu. Ukikaribia unaona kwamba juu ya vikonyo hivyo wamekaa watoto wadogo sana, wanavua samaki na kamba, kana kwamba mmea ule ni ukingo wa ziwa. Hakuna aliyejua nani alivizika. Vyombo vyenyewe vimo Berlin. Lakini Christofle alipata ruhusa ya kuvinakili, na nakala hizo zikauzwa kwa watu ambao wasingepata kukanyaga Berlin maisha yao yote.

Unakili huo nao ulikuwa kazi ya umeme. Chombo cha asili kilichukuliwa umbo kwa ute mgumu wa mti wa Malaya uitwao gutapecha, ambao hulainika katika maji moto na kuganda ukipoa. Ndani ya umbo ikapakwa grafiti, ile ile ya penseli, ili umeme upite. Kisha umbo likatiwa katika hodhi la shaba, shaba ikajijenga ndani yake tabaka kwa tabaka, na lilipovunjwa kukatoka chombo chenye kila mkunjo wa jani la Kirumi, tayari kwa kuchovywa fedha. Hata jani bichi lililochumwa shambani liliweza kufanyiwa hivyo: likapakwa grafiti, likavikwa shaba, likawa metali na mishipa yake yote. Watu wa siku hizo walilifurahia jambo hilo kama watoto, na si ajabu. Jani lililokuwa linyauke jioni lilibaki.

Mpaka hapo, hata hivyo, mimea mingi ya mezani ilikuwa mimea ya kuazima. Akanthasi ya Wagiriki, mloreli wa Warumi, na baada ya 1867 mwanzi na maua ya Kijapani, kwa kuwa Japani ilikuwa imefungua milango yake na Ulaya nzima ikapagawa na michoro yake. Ilichukua vita, na kushindwa vitani, ili mafundi wa Ufaransa watazame magugu ya kwao wenyewe.

Mwaka 1871, baada ya kushindwa na Ujerumani, Ufaransa ilinyang'anywa jimbo la Alsace na sehemu ya Lorraine. Mji wa Nancy ulibaki upande wa Ufaransa, lakini mpaka mpya ulisogea karibu na mlango wake. Watu wasiotaka kuwa raia wa Ujerumani walihama kwa maelfu, na wengi wao wakakimbilia Nancy na ufundi wao. Katika mji huo aliishi Emile Gallé, mzaliwa wa hapo 1846, aliyejiandikisha jeshini kwa hiari yake katika vita hivyo. Hakuwa mfua fedha. Alikuwa fundi wa vioo, vyungu na samani, na zaidi ya hayo alikuwa mjuzi wa mimea aliyeandika kuhusu maua kama mwanachuoni. Mwaka 1901 yeye na wenzake waliunda umoja wa mafundi ujulikanao kama Shule ya Nancy. Fundisho lao lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulitenda: fundi asinakili jani lililonakiliwa, aende shambani alitazame lenyewe.

Mmea wa mji wa Nancy ni mmea wa miiba ufananao na mbaruti, wenye ua la zambarau. Ulikuwa nembo ya mji tangu zamani, kukumbusha ushindi wa mwaka 1477 ambapo mtawala mwenye nguvu wa Burgundy alishindwa na kuuawa mbele ya kuta zake. Maana yake ni kwamba anayeugusa mji huu atachomwa. Baada ya 1871 ua hilo, mara nyingi pamoja na msalaba wenye mikono miwili wa Lorraine, lilitiwa kwenye vioo, kwenye samani, kwenye vyungu. Kufikia mwaka 1900 lilikuwa limekwisha kupanda kwenye mipini ya visu na vijiko vya kuchovya vilivyouzwa Ufaransa nzima. Familia ilikaa kula supu, na katika kila kiganja cha mkono palikuwa na miiba midogo ya kukumbusha ardhi iliyopotea. Haikuandikwa neno lolote. Mwanamke wa hapa anayejua kuchagua kanga atalielewa jambo hilo kuliko profesa, maana anajua kwamba kitu cha nyumbani kinaweza kusema pasipo mdomo.

Mezani palikuwa pia na vyombo ambavyo mmea haukuwa pambo tu, bali ndio uliovizaa. Wafaransa walitengeneza mkasi mdogo kwa kazi moja: kukatia kishada cha zabibu, ili mgeni asikwanyue kwa vidole. Vishikio vyake vilifanywa matawi ya mzabibu. Walitengeneza koleo la kuokotea asparaga, chipukizi laini linalochemshwa na kuliwa majira ya kuchipua. Walitengeneza upawa mpana wa kugawia matunda ya stroberi. Mtu aliyezoea kula kwa mkono wa kulia ulionawa vizuri ana haki ya kucheka. Lakini acheke kwa kiasi, kwa sababu katika miaka ile ile ambayo majani ya mzabibu yaling'aa mezani, mizabibu ya kweli ilikuwa ikifa. Mdudu mdogo kutoka Amerika, aitwaye filoksera, aliingia katika mashamba ya Ufaransa katika miaka ya 1860 akanyonya mizizi; mwaka 1868 mtaalamu Planchon na wenzake walimgundua, na ilichukua miaka mingi kabla wakulima hawajakubali kupandikiza mizabibu yao juu ya mashina ya Kiamerika yasiyodhurika. Katika nyumba nyingi za wakulima wa kusini, jani la fedha lilikuwa zima wakati lile la shambani limekauka.

Jambo moja husahauliwa na wapenzi wa vyombo hivi, nalo liko chini ya fedha. Metali iliyochovywa mara nyingi ilikuwa mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, ambao Wafaransa waliuita maillechort kwa kuunganisha majina ya mafundi wawili wa Lyon, Maillet na Chorier. Nikeli ndiyo iliyoupa weupe, ili koti la fedha likichakaa wekundu wa shaba usijitokeze upesi. Katika miaka ya 1860 mhandisi Jules Garnier alikuta mawe ya nikeli katika Kaledonia Mpya, kisiwa cha bahari ya Pasifiki ambacho Ufaransa ilikitwaa mwaka 1853, na tangu miaka ya 1870 kisiwa hicho kikawa chimbuko kubwa la nikeli duniani. Wenyeji wake, Wakanaki, ni watu wa viazi vikuu na magimbi. Matuta yao ya magimbi yalimwagiliwa maji kwa mifereji iliyochongwa mlimani kwa ustadi. Walowezi walichukua ardhi, ng'ombe wao wakaingia mashambani wakakanyaga matuta. Mwaka 1878 Wakanaki waliasi wakiongozwa na chifu Ataï. Uasi ulizimwa kwa damu nyingi, Ataï akauawa, na kichwa chake kikapelekwa Paris kama kitu cha kuonyeshwa. Kilirudishwa kwa watu wake mwaka 2014. Haya si makosa ya kijiko. Ila mtu anapolisifu jani lililo juu ni haki aambiwe pia habari za majani yaliyokanyagwa.

Sasa lirudiwe lile swali la uongo, kwa kuwa lina faida hata kwa polisi na kwa kila familia inayonunua au kuuza vitu vya zamani. Ufaransa iliamua mapema kwamba kuchovya si kosa, kosa ni kuficha. Sheria ya mwaka 1797 iliweka alama ya fundi wa fedha halisi ndani ya umbo la msambamba, mfano wa kashata iliyosimama kwa ncha yake, na alama ya chombo cha kuvikwa fedha ndani ya mraba. Tangu 1838 fedha halisi ya Ufaransa ilipigwa pia kichwa kidogo cha Minerva, mungu wa kike mwenye kofia ya vita: chenye namba 1 kwa fedha ya sehemu 950 katika 1,000, na namba 2 kwa ile ya sehemu 800. Chombo kisicho na kichwa hicho, na chenye alama ya mraba, kimekwisha kusema chenyewe kwamba ni cha kuchovya. Kijiko kingine kina namba 84. Wauzaji wasio waaminifu huieleza namba hiyo kuwa kiwango cha usafi wa fedha, na wanunuzi wasiojua hukubali. Kwenye vijiko vya Kifaransa maana yake ni gramu 84 za fedha zilizotandazwa juu ya vijiko 12 na uma 12. Mgawanyo wake ni gramu tatu na nusu kwa kila kimoja.

Udanganyifu huja pia kwa upande wa pili. Mchuuzi anamkuta mama aliyeachiwa sanduku la vijiko na marehemu mumewe, anavigeuzageuza, anasema, “Mama, hizi ni bati tu, nakusaidia kukuondolea uzito.” Mama asikubali haraka. Ni kweli havina bei ya fedha kwa kupimwa mizani, lakini vyombo vya kuchovya vya karne ya 19, hasa vyenye jina la kiwanda kinachojulikana na vyenye majani yaliyobaki makali, hununuliwa kwa ajili ya kazi yake, na seti iliyotimia ina thamani kuliko vijiko vilivyotawanyika. Ajibu kwa adabu tu: “Asante baba, acha kwanza wanangu wavitazame.”

Ukali huo wa majani ndio wa kulindwa. Koti la fedha huchakaa kwanza mahali palipoinuka, na katika jani palipoinuka ni mshipa. Mama mwenye bidii anayesugua kwa mchanga, kwa majivu, au kwa waya wa kusugulia sufuria, anaondoa mishipa kabla ya kuondoa uchafu. Baada ya miaka michache ua la mbaruti linakuwa uvimbe usio na jina. Vioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, vikaushwe papo hapo kwa kitambaa laini. Vitu vinavyovitia weusi ni vile vyenye salfa: mayai, vitunguu, moshi wa mafuta ya taa, mipira ya kufungia. Chumvi huacha vidonda, kwa hiyo kijiko kisilale ndani ya kitunguo cha chumvi. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isivikaribie kabisa. Visu vyenye mpini wa mvungu visiachwe katika maji moto, maana gundi iliyomo hulainika na ubavu ukachomoka.

Iko njia ya kuviweka katika maji moto yenye magadi ya kupikia, juu ya karatasi ya alumini, na weusi ukaondoka wenyewe. Ni njia ya kweli nayo haili fedha. Lakini huondoa weusi wote, hata ule uliojificha katika mikunjo ya jani, na weusi huo fundi aliutegemea uwe kivuli. Bila kivuli jani linaonekana kama lililochorwa kwa chaki juu ya ukuta mweupe. Heri kufuta juu tu kwa kitambaa na chokaa laini ya kusafishia fedha, na kuuacha mkunjo ulivyo. Kuchovya upya nako kufikiriwe mara mbili: kabla ya kuchovya fundi hukisugua chombo kwa gurudumu, na gurudumu halijui tofauti ya kutu na mshipa.

Visifungwe katika gazeti, hata hili, kwa kuwa karatasi na wino wake havipatani na fedha. Shuka kuukuu la pamba lililofuliwa lafaa zaidi, hasa kwa familia inayohama kambi hadi kambi. Wala visifichwe vikingojea wageni. Vinavyotumika kila siku na kukaushwa kila siku huwa haviwi vyeusi kwa haraka. Vya dazeni moja vizungushwe ili vichakae kwa usawa: kilichooshwa leo kiwekwe chini ya fungu, cha juu kitolewe kesho.